Slati za Mzee Bundala

Tulimzika Mzee Bundala kwao Sengerema, mchana wa jua kali, na hasira niliyoondoka nayo pale makaburini ndiyo inayoniandikisha sura hii. Mpwa wake alisoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, sauti imetulia: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alipelekwa nje ya nchi kujifunza ufundi wa ndege, akarudi, akaoa, akawa fundi wa injini za boti mpaka nguvu zilipomwishia. Kisha akafika kwenye mstari mmoja uliosema kwamba uzeeni marehemu alipenda sana kucheza michezo ya kompyuta. Waombolezaji wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Kilikuwa kile kicheko chepesi cha msibani kinachowapumzisha watu na machozi. Mama mmoja mbele yangu alimnong'oneza mwenzake kwamba wazee wengine hurudi utotoni. Nilikaza kanga kiunoni nikatazama chini. Katika umati ule mimi peke yangu nilijua kwamba yule mzee hakucheza hata siku moja. Alikuwa anakagua kazi. Nilijua pia kwa nini wasifu wake haukuwa na kitu kingine cha kusema juu ya mambo hayo. Kitu hicho kilikuwepo, kikaondolewa, na mkono uliotangulia kukiondoa ulikuwa wangu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeajiriwa kusimamia chumba cha intaneti cha bwana mmoja aliyeitwa Renatus, ghorofani Kirumba, jijini Mwanza, juu ya duka la nyavu. Kulikuwa na kompyuta tisa, mapazia ya bluu yaliyopauka, feni iliyogeuka nusu ikakwama ikarudi, na dirisha lililotazama ziwa na mawe yake. Harufu ya dagaa ilipanda kutoka soko la samaki la Mwaloni tangu asubuhi, ikaingia hata kwenye karatasi za printa, na wateja wa ofisini walipozipokea barua zao walizinusa kwanza. Mchana mimi na Renatus tulikula nyuma ya pazia lililotenga ofisi yake, ugali na sato wa kukaanga aliotuletea mama lishe wa chini, na huku tukila tulisikia yote yaliyosemwa upande wa pili: mwanamke akimtajia mchapaji barua ya kumsuta mumewe aliyeko Geita, wanachuo wakibishana juu ya utafiti waliounakili wote mahali pamoja. Renatus alipenda ndege kuliko kitu chochote. Kwenye kompyuta iliyokuwa nzuri kuliko zote alikuwa ameweka programu ya kuigiza urushaji wa ndege za kivita, akaifungia jostiki, usukani wa mkono, aliyoagiza Dar, na mlangoni akabandika tangazo kwamba hapa unarusha ndege ya kivita kama rubani halisi. Neno hilo la mwisho, halisi, ndilo lililomkera Mzee Bundala.

Alipanda ngazi Jumanne moja kuja kuchapisha barua ya kliniki. Alikuwa amepita miaka sitini, mrefu, amevaa koti la kaki lililopigwa pasi mpaka mifuko, na kucha zake zilikuwa na weusi wa oili ambao sabuni haiutoi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na nilipokuwa nasubiri printa ipate moto alisogea nyuma ya mteja mmoja, mwalimu wa sekondari, aliyekuwa anarusha ndege. Alisimama pale muda mrefu kiasi kwamba barua yake ilipoa mkononi mwangu. Kisha akasema, bila kumlenga mtu, “Hizo slati zinafunguka uongo.” Mwalimu akageuka, akamwomba radhi kama anavyoombwa mzee aliyepotea njia, akaendelea kuruka. Mimi ndiye niliyemuuliza slati ni nini, na nadhani aliniita binti kuanzia saa ile kwa sababu tangu arudi nchini hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza.

Slati, alinieleza, ni ubapa mwembamba wa bati unaokaa kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Katika ndege aliyoijua yeye, ndege ya kivita ya zamani, ubapa huo haukuwa na mota wala kitufe cha rubani. Ulikaa juu ya reli ndogo zenye vigurudumu, huru kabisa. Upepo ndio uliousukuma ujifunge, na upepo huohuo ndio uliouvuta nje pale pua ya ndege ilipoinuka na bawa likakutana na hewa kwa pembe kubwa. Kila bawa lilikuwa na slati zake, na hakuna kilichounganisha za kulia na za kushoto. Ndege ikiserereka kidogo kwenye kona, upande mmoja hutangulia, na ndege hupiga teke ambalo rubani hulisikia mpaka kwenye kiti. Kwenye kompyuta yetu zilifunguka zote kwa pamoja, taratibu, mara tu saa ya mwendo ilipofika namba fulani, kama milango ya benki. Na kwenye kona kali ya mwendo wa kasi, mahali ambapo zilipaswa kuchomoka, hazikutikisika kabisa. “Upepo hausomi saa ya mwendo,” aliniambia, akachukua barua yake akashuka.

Alirudi Jumanne iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Alivuka kwa kivuko cha asubuhi kutoka Sengerema, akapita kliniki, akaja kwetu. Renatus alimruhusu akae kwenye ile kompyuta saa za mchana ambazo hazikuwa na wateja. Hakupiga risasi hata moja. Alipaa, akapunguza mwendo, akainua pua, akatazama bawa. Akaenda kwenye kona, akatazama bawa. Akatua, akaandika kitu kwenye daftari, akapaa tena. Nilikuja kujua polepole, kipande kimoja kila Jumanne, kwamba huko nje alikopelekwa akiwa kijana hakuwekwa kwenye injini wala silaha. Aliwekwa kwenye slati. Kwa miaka minne kazi yake ilikuwa kusafisha reli zile, kuzipima, na kuhakikisha kwamba ya kulia inateleza sawasawa na ya kushoto, kwa sababu slati moja ikikwama na nyingine ikafunguka karibu na ardhi, hapana muda wa kurekebisha. Siku moja aliikataa ndege. Alisema ya kulia inachelewa. Wenzake walimcheka, msimamizi akaja kwa hasira, akausukuma ubapa kwa kiganja, akausukuma tena, akaamuru ufunguliwe, na ndani ya reli wakakuta chembe ya mchanga. Mzee alinisimulia hayo huku akitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyofungiwa na mkewe, akashushia na chai yangu, na alipomaliza alikung'uta makombo kwenye kiganja badala ya kuyadondosha sakafuni. Aliporudi nchini hapakuwa na ndege ya aina ile. Ujuzi wake wote ukakosa mahali pa kukaa. Na sasa, baada ya miaka yote hiyo, alikuwa ameiona ndege yake tena, kwenye kioo, juu ya duka la nyavu, na kazi aliyoifanya ilikuwa imeondolewa ndani yake kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuifanya.

Jumanne moja, nyuma ya pazia, mteja alimuuliza Renatus kwa sauti ya chini yule babu ana matatizo gani. Renatus alicheka, akasema mwache, hamsumbui mtu. Mzee alikuwa hatua tatu kutoka pale, vipokea sauti vimemning'inia shingoni. Alisikia. Aliinua pua ya ndege, akatazama bawa.

Maneno pekee hayakunitosha kuelewa, naye aliliona hilo. Jumamosi moja alinialika kwake, na kwenye kivuko alinipeleka mbele kabisa, upepo ulikotupiga usoni, akatoa kwenye mfuko wa rambo kitu alichokitengeneza mwenyewe: bawa la mbao lenye urefu wa mkono, na mbele yake ubapa wa bati la debe la mafuta ukiteleza juu ya vipande vya spoki za baiskeli. Alilishika sambamba na upepo. Bati likatulia limejibana. Akaliinua kidogo, hakuna kitu. Akaliinua zaidi, na bati likachomoka lenyewe, tak, likasimama mbele ya bawa bila mkono wa mtu. Akanipa mimi. Mara ya kwanza lilikataa, akasema nimelishika kama sahani ya wali. Mara ya pili nililisikia kwenye vidole kabla sijaliona: bawa lililokuwa linaanza kulegea likapata nguvu tena, likavuta kwenda juu. Wachuuzi wa nyanya wakasogea kutazama. Mmoja akaomba ajaribu. Nimesoma mengi tangu siku ile, nimefundisha fizikia sekondari miaka kumi na minane, lakini sina somo nililolielewa kwa mwili kama lile.

Kwake tulikula ugali wa udaga, muhogo uliovundikwa na kukaushwa, na mlenda na dagaa waliokaangwa na nyanya, na mkewe, Mama Kulwa, alinihimiza niongeze huku akilalamika kwamba mumewe amemharibia debe. Baada ya kula Mzee alileta daftari lake la mafunzo, kurasa zimegeuka rangi ya chai, limejaa michoro ya reli na vigurudumu na vipimo, maelezo yote kwa Kiswahili, maana alisema aliyasikia kwa lugha yao lakini aliyaelewa kwa yake. Ndipo nilipomwambia kwamba waliotengeneza ile programu wana jukwaa mtandaoni ambako watumiaji huandika kasoro wanazoziona. Alinitazama kama niliyemficha jambo. Akauliza kwa nini sikusema siku zote.

Tuliandika kwa Jumanne mbili. Yeye alisema, mimi nikatafsiri, akanitaka niisome upya kila sentensi na kuniuliza kama neno la Kiingereza lina uzito uleule. Niliambatanisha picha za kurasa nne za daftari. Chini nikaweka jina lake kamili, Yohana Bundala Makoye, fundi wa ndege mstaafu, Mwanza, Tanzania. Majibu yalikuja siku hiyohiyo. Mmoja aliuliza tangu lini mitumbwi ikawekwa slati. Mwingine alisema daftari la shule si ushahidi. Wa tatu aliweka picha ya nyani kwenye kiti cha rubani, na watu kumi na kitu wakaipenda. Hakuna hata mmoja aliyegusa hoja. Msimamizi wa jukwaa aliingia mwisho, mstaarabu kabisa, akataka vyanzo vinavyoaminika, na akafunga mjadala. Nimeishi na watu wakali, nimeongozwa na wakuu wa shule wa kila namna, lakini ule ustaarabu bado unanichoma kuliko picha ya nyani. Aliyeweka nyani alijua anatukana. Msimamizi aliamini kwamba anatenda haki.

Sikumsomea Mzee majibu yale. Nilimwambia wanaangalia. Renatus ndiye aliyesema, tukiwa nyuma ya pazia, mdomo umejaa ugali, kwamba tatizo si slati. “Badilisha jina uone,” alisema. Nilicheka. Lakini mchana ule ulikuwa mtupu, na mimi nilikuwa na hasira ya ujana, ile inayotaka kushinda kabla ya kutaka kuwa sawa. Nilifungua akaunti mpya. Nilichukua barua ileile, neno kwa neno, nikachora upya michoro ileile kwa kompyuta, nikaondoa jina la Mzee Bundala, nikaweka jina la mhandisi mstaafu wa Ulaya ambaye hakuwahi kuzaliwa. Sitaliandika jina lile hapa. Limekwisha kuandikwa vya kutosha.

Siku tatu tu. Msimamizi yuleyule alijibu kwamba ushuhuda wa mtu aliyeigusa ndege kwa mikono yake ni hazina. Mtengenezaji mmoja akauliza maswali manne, ya maana kweli, nami nikamuuliza Mzee kana kwamba yameulizwa kwake, akajibu, nikayapeleka kwa jina la mtu asiyekuwepo. Hakuna aliyeomba chanzo. Hakuna aliyeomba hata picha. Mpaka leo, nikiwafundisha wanafunzi wangu kwamba katika sayansi hoja ndiyo inayopimwa na si msemaji, sauti yangu hupungua kidogo mahali hapo, maana nilifanya jaribio hilo mwenyewe nikapata jibu tofauti.

Kabla ya masika toleo jipya likatoka. Jumanne ile Mzee alipaa kama kawaida, akapunguza mwendo, akaserereka kidogo kwenye kona akainua pua. Slati ya kushoto ikachomoka. Ndege ikapiga teke. Kisha ya kulia. Mzee aliachia jostiki, na ndege ikaanguka ziwani, si ziwa letu, la kwenye kioo, naye hakujali. Alicheka mpaka akavua miwani kujifuta. Wateja wakasimama kutazama, Renatus akatoka nyuma ya pazia, na kwa dakika chache chumba kizima kilijua slati ni nini. Kisha Mzee, ambaye kwa kazi yake yote alizoea kusoma karatasi ya marekebisho kabla ya kuiamini ndege, akaniomba nimfungulie orodha ya mabadiliko. Sikuwahi kuwaza kwamba angeiomba. Kiingereza chake hakikuwa kingi, lakini neno la shukrani alilijua, na jina la mtu alilijua kuwa ni jina la mtu.

“Huyu ni nani?” aliuliza.

Nilimweleza yote, hapohapo, watu wakisikia. Hakupandisha sauti. Alivaa koti, akafunga kifungo cha juu kisha cha chini, akashuka ngazi. Jumanne iliyofuata hakuja, na ile nyingine hakuja.

Nilivuka kumfuata. Mama Kulwa alinipokea vizuri, jambo lililonionyesha kwamba mumewe hakuwa amemwambia. Mzee alikuwa uani amefungua injini ya boti, amepanga vipuri juu ya gunia kwa mfuatano vilivyotolewa. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Nikamweleza pia yale majibu ya kwanza, mitumbwi na nyani, nilitaka ajue kwamba nilikuwa namkinga. Aliendelea kufuta pete ya pistoni mpaka ikang'aa.

“Hao walionicheka hawanijui,” alisema. “Wewe unanijua, na ni wewe uliyenifuta.”

Akaiweka pete mahali pake juu ya gunia, akaniuliza kama naweza kuandika ukweli. Nikamwambia watanifungia. Akasema hakuuliza watafanya nini, ameuliza kama naweza. Mama Kulwa akaleta chai na viazi vitamu, tukanywa watatu, na niliporudi Kirumba jioni ile, kabla Renatus hajafunga, niliandika mistari minane. Nilisema mhandisi hayupo na hakuwahi kuwapo, kila neno ni la Yohana Bundala Makoye, na barua hiyohiyo walikwisha kuisoma na kuicheka.

Walichofanya bado hunipandisha joto nikikikumbuka. Walizifunga akaunti zangu zote mbili kwa udanganyifu, na hilo nililistahili. Waliondoa mstari wa shukrani, na hilo nilitegemea. Lakini kwenye toleo lililofuata waliondoa na marekebisho yenyewe, wakaeleza kwamba chanzo kimethibitika si cha kweli na tabia ya slati itarudishwa ilivyokuwa mpaka upatikane ushahidi. Wiki mbili kabla walikuwa wanasifu jinsi ndege inavyoruka vizuri kuliko zamani. Hewa haikubadilika, bawa halikubadilika, mchoro haukubadilika. Walichojua zaidi ni rangi ya mkono uliouchora. Baada ya miaka saba slati zilifunguliwa tena moja moja, safari hii kwa idhini ya kitabu kilichochapishwa Ulaya. Nilikinunua. Mchoro wa reli uko ukurasa wa katikati, na hauna kipimo hata kimoja ambacho Mzee hakuwa nacho.

Marekebisho yalipoondolewa, nilimpelekea habari nikitegemea avunjike moyo. Alisikiliza, akauliza kama sasa zinafunguka pamoja tena. Nikasema ndiyo. Akaguna. Jumanne iliyofuata nilimsikia kwenye ngazi kabla sijamwona, maana alipanda akipumzika kila baada ya hatua nne. Hakukaa kwenye kompyuta ya ndege. Alivuta kiti cha kompyuta ya kawaida, ya pembeni, akaniomba nimfungulie akaunti kwa jina lake, kisha nisimame nyuma nisiguse kitu. Nikamuuliza kama nimtafsirie. Akasema hapana, wao wana watu wa kutafsiri, na kama hawana watafute.

Aliandika kwa vidole viwili tangu saa sita mpaka saa kumi. Mama lishe alileta chakula, kikapoa. Renatus, ambaye wiki nzima alikuwa ananikwepa macho, aliwaambia wateja wapunguze kelele. Mzee alitafuta kila herufi kama anayeokota kokwa mchangani, na akikosea alifuta mpaka mwanzo wa neno. Alipomaliza alisoma kwa sauti, na chumba kikasikiliza: mimi Yohana Bundala Makoye, fundi wa ndege, nilizihudumia slati hizi miaka minne kwa mikono yangu, hazifunguki pamoja, hazifunguki kwa saa ya mwendo, na sababu zake ni hizi. Zikafuata sababu, ukurasa mzima na nusu, kwa Kiswahili kilichonyooka kama reli zake. Andiko hilo bado liko kule. Hawakulifuta na hawakumfungia, ila hawakumjibu.

Alibonyeza kitufe cha kutuma mwenyewe. Akavua miwani, akaniuliza kama imekwenda. Nikainama kutazama kioo, nikamwambia imekwenda.

“Basi,” alisema, akatafuta mikono ya koti lake. “Wasije wakasema hawakuambiwa.”